Kilo Moja na Robo Tatu

Krii. Krii. Kimya kidogo. Halafu: ting.

Ndivyo nilivyosikia gizani, alfajiri moja kabla jogoo wa jirani hajaanza kelele zake. Sauti ndogo tu, kama kitu cha chuma kimedondokea kwenye sahani ya bati. Nikapapasa upande wa pili wa kitanda. Shuka tupu.

"Baba Milembe?"

"Panya," mume wangu Maige akanong'ona kutoka sebuleni. "Nimemkosa. Wewe lala, utamwamsha mtoto."

Nikalala. Tena nilimshukuru moyoni. Wanaume wangapi wanaamka kufukuza panya?

Sauti hiyo iwekeni pembeni, wasomaji wangu. Tutaikuta tena, na safari hiyo itakuwa mbele za watu.

Kwa aliyenikuta leo tu: naitwa Nyamizi, hapa Bariadi wengi wananiita Mama Milembe, na nakaa nyuma ya stendi ya zamani. Tulioanza wote wanajua nilivyokosa kibarua kwenye kinu cha kuchambua pamba, msimu ule wanunuzi walipogombania bei, kisha wakaondoka na magari yao matupu. Wanajua cherehani yangu ilikwenda wapi. Wanajua na kilichobaki: mtamba mmoja mwenye mabaka, Madoa, ambaye mzee Luhaga wa Sapiwi, baba mkwe wangu, alimpa mjukuu wake kwa mkono wake mwenyewe.

Mara ya mwisho niliishia mnadani. Madoa alikuwa anapandishwa kwenye lori, na Milembe ananiuliza atarudi lini.

Nilimwambia atarudi akiwa kompyuta.

Ana miaka mitano. Aliniamini.

Sikuwa mwendawazimu, jamani. Mkoa wetu wa Simiyu ulikuwa bado mbichi, watu wanahamia kila wiki, na kila kona kuna kibanda cha gemu chenye televisheni ya chogo na mashine zilizochoka, vitufe vimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Watoto na vijana wanapanga foleni hapo hapo. Nikawaza: kompyuta moja yenye nguvu, jioni gemu la mpira na mashindano ya magari, asubuhi nachapa barua za watu wanaoomba kazi kwenye ofisi mpya. Chumba cha mbele ninacho. Ufundi nilikuwa naupata darasa la jioni kwa Mwalimu Anatoli, Jumatatu na Jumatano, Milembe kalala mgongoni mpaka akawa mzito, akahamia kulala miguuni pangu.

Kompyuta ya gemu iliyokamilika sikuimudu. Niliuliza bei yake Mwanza kwa simu nikakata kabla yule dada hajamaliza kuitaja.

"Usinunue kompyuta," Mwalimu Anatoli akaniambia. "Nunua vipuri. Tutaifunga wenyewe."

Akachukua karatasi, akachora mistari.

"Una hela ya mtamba mmoja. Basi tuchague kama mtu anayepanga nyama ya sherehe, wapi minofu, wapi mifupa. Prosesa, chukua ya mtumba, ile haichakai kirahisi. Mazabodi, ule ubao unaoshika vyote, mtumba, ila niione kwanza. Ram, mbili ndogo. Kasha, lolote, hata lililobonyea."

"Maige anataka lile lenye taa za rangi, Mwalimu. Anasema ndizo zitakazovuta wateja."

"Maige atacheza gemu kwenye taa? Kadi ya picha ndiyo inayochezesha gemu, hapo tusibane. Na pawa saplai..." Akaweka kalamu chini. "Pawa saplai nunua mpya. Ya mtumba usichukue hata ukipewa bure na soda juu."

"Kile si kisanduku cha kuingiza umeme tu?"

"Kikiwa kibovu hakifi peke yake. Kinaondoka na mazabodi na kadi, siku moja, dakika moja."

"Sasa nitaijuaje nzuri? Stika zote zimeandikwa maneno yale yale."

"Stika zinabandikwa hata uchochoroni. Inyanyue. Nzuri ni nzito, imejaa shaba na mabati ya kupoza moto. Ukiiona nyepesi, irudishe hapo hapo."

Nzito. Neno hilo nililielewa kuliko yote aliyowahi kunifundisha, kwa sababu uzito ndiyo shule niliyoanzia.

Kwetu tulilima pamba. Usiku wa kuamkia soko, mimi mtoto ndiye niliyenyunyiza maji kwenye gunia, kidogo kidogo, kwa majani. Baba ndiye aliyeweka jiwe. Halirushwi tu ndani, hapana. Linaviringishwa pamba mara mbili, linafungwa uzi fundo moja, linawekwa katikati, ili mnunuzi akitia mkono asiguse kitu kigumu. Na mnunuzi naye kule mizanini ana goti lake la kuinulia gunia na kidole chake cha kuzuia mshale. Kila mtu anamwibia mwenzake kilo, na wote tunaita biashara.

Mume wangu nilimpata huko huko mizanini.

Maige alikuwa mpimaji. Siku ile alitia mkono kwenye gunia letu, nikaona uso wake unabadilika. Ameligusa. Baba akatazama pembeni. Maige akanitazama mimi, akalitoa lile jiwe taratibu, akalitia mfukoni mwake, akaandika kilo zote kamili.

Jioni alikuja nyumbani kulirudisha. Hivyo ndivyo nilivyoolewa.

Nilikuwa naisimulia hadithi hiyo nikicheka. Leo naiandika.

Basi nikaenda kwa Twaibu. Bariadi nzima inamjua: anauza redio, simu na betri, na vitu vya kompyuta anaagiza Mwanza. Wazazi wake walitoka Ujiji, yeye kazaliwa hapa hapa. Mkewe, Mwanamisi, ndiye aliyekuwa akimpa Milembe andazi kila tukipita, hata nikisema ameshakula.

Twaibu akafungua katoni mbele yangu, akatoa pawa saplai mbili mpya, pacha.

"Chagua, Mama Milembe."

"Una mizani?"

"Ya nini?"

"Nipime."

Akacheka mpaka akakaa. "Mwanamisi! Njoo uone! Mama Milembe ananunua kompyuta kwa kilo!"

Lakini akaleta ile ya sukari kutoka duka la jirani. Kilo moja na robo tatu. Nikamwambia aandike kwenye risiti.

"Niandike uzito?"

"Andika, shemeji. Mimi ni mtoto wa pamba. Kitu kisichoandikwa kilo hakijauzwa."

Akaandika, huku anatikisa kichwa. Nikatoka pale najiona mjanja wa mji.

Nyumbani Maige aliitoa kwenye boksi, akainyanyua kwa mkono mmoja, akafumba macho.

"Kilo moja na robo tatu," akasema.

Risiti alikuwa hajaiona. Iko kwenye pochi yangu.

"Eeh! Umejuaje?"

"Mkono huu umepima Simiyu nzima, mayu." Akaigeuza geuza. "Bei gani hii?"

Nikamtajia. Akapiga mluzi.

"Kwa kisanduku hiki? Kumbe ndiyo maana umeninyima taa zangu."

Tukacheka wote. Nikaiweka chini ya meza ya sebuleni, kichwani pa godoro la Milembe, ikae ikisubiri wenzake. Mazabodi ilikuja na basi baada ya wiki. Kadi ya picha ikachelewa wiki nyingine. Siku hizo zote Maige alikuwa anakwenda Mwandoya, anarudi, anakwenda tena. Alisema kuna kituo cha kununulia pamba kinataka mpimaji. Na alfajiri moja nikasikia panya.

Tuliifunga Jumapili mchana. Mwalimu Anatoli alishika bisibisi, mimi nikashika waya, watoto wa mtaa wakajaa mlangoni mpaka mwanga ukapungua.

"Nani anawasha?" Mwalimu akauliza.

"Mwenye ng'ombe," nikasema. Nikambeba Milembe. Akabonyeza kwa kidole gumba.

Feni zikazunguka! Monita ikawaka! Mlangoni wakapiga kelele kama goli limeingia, na hata gemu hatujafungua. Nililia, nakiri. Nilimbusu mwanangu shavuni nikamwambia, "Unamwona Madoa? Anahema."

Gemu likafunguka. Uwanja wa kijani, wachezaji wanakimbia, jasho linaonekana. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya nne.

Pa!

Cheche moja, na harufu ile ya plastiki iliyoungua ambayo hata leo inanijia nikiwa napika. Kiza kwenye monita.

Mwalimu Anatoli alichomoa waya, akasubiri, akafungua pawa saplai kwa bisibisi. Akatazama ndani. Akanitazama mimi.

"Mama Milembe. Njoo."

Ndani kulikuwa na kibao cha umeme kidogo, cha zamani, chenye kutu, cha kuwashia labda redio mbili. Nafasi iliyobaki ilikuwa imejazwa jiwe. Jiwe la ukubwa wa ngumi ya mtoto, limeviringishwa pamba, limefungwa uzi.

"Na hivi vingine?" nikauliza. Nilijua jibu, ila niliuliza.

"Mazabodi imekwenda. Kadi imekwenda."

Milembe akanivuta gauni. "Mama, Madoa hahemi tena?"

Nilitoka mbio na lile jiwe mkononi, peku.

Niliyoyasema dukani kwa Twaibu sitayaandika yote. Nilimwita mwizi. Niliwatukana hadi wazazi wake. Mwanamisi alikuja na glasi ya maji akasema, "Shoga, kaa kwanza, tuelewane," nami nikaipiga ile glasi ikavunjikia mlangoni kwake. Watu wakajaa. Twaibu alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, anarudia neno moja tu: "Mimi? Mimi?"

Asubuhi yake mlango wa duka ulikuwa umeandikwa kwa mkaa, herufi kubwa: MWIZI WA MAWE. Si mimi niliyeandika. Lakini nilipita nikausoma, nikafurahi.

Wiki nzima hakuuza hata betri.

Na nani aliyekuwa ananitia moyo usiku na mchana? Maige.

"Usimwachie. Mpeleke ofisi ya mtaa. Mimi nitakuwa shahidi wako. Uzito umeandikwa, atakwepa wapi?"

Nikampeleka.

Siku ya shauri uwanja mzima wa ofisi ulijaa. Mwenyekiti wetu, mama Felisita, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alitoka nje na kiti chake.

"Mwadila."

"Mwadila!" tukaitikia.

"Kesi ni fupi. Twaibu akionekana na hatia, atamlipa mama huyu vipuri vyote vilivyoungua. Asipoonekana na hatia, Mama Milembe atakwenda kumwomba radhi mbele ya duka lake, saa ambayo watu ni wengi, na hasara yake ataimeza mwenyewe. Mmekubali?"

Tukakubali. Nilikubali haraka kuliko yeye. Milembe alikuwa amekaa miguuni pangu, nami nilikuwa nahesabu tu kwamba kabla jua halijazama nitakuwa nimemrudishia ng'ombe wake.

Maige akasimama. Amevaa shati lake la harusi.

"Mimi ni mpimaji, Mwenyekiti, miaka kumi na moja. Pawa saplai ilipoingia nyumbani niliishika kwa mkono huu, ikawa kilo moja na robo tatu. Risiti inasema kilo moja na robo tatu. Ileteni mizani mpime hii yenye jiwe. Ikiwa ni hiyo hiyo, basi ilitoka na jiwe dukani."

Mizani ikaletwa. Ile ile ya sukari. Mwenyekiti mwenyewe akapanga vyuma vya kupimia.

Kilo moja na robo tatu. Mshale haukutikisika.

Uwanja ukalipuka. "Lipa! Lipa, wewe! Utatuuzia mawe mpaka lini!"

Nilimgeukia mume wangu na machozi. Nilimpenda siku ile. Hilo nalo naliandika.

"Umesikia, Twaibu," Mwenyekiti akasema. "Una neno?"

Twaibu alikuwa amekonda. Wiki moja tu, na kola ilikuwa imemlegea. Akainama, akatoa kitu kwenye mfuko wa rambo.

"Mama Mwenyekiti, nilipofungua katoni zilikuwa mbili. Mama Milembe alizikuta zote mbili, na yeye ndiye aliyechagua. Hii ni ile pacha. Haijauzwa. Ipimeni."

Ikapimwa. Kilo moja na robo tatu.

"Si ndiyo hivyo!" mtu akapaza sauti. "Na hiyo ina jiwe!"

"Mwalimu Anatoli, tafadhali ifungue," Twaibu akasema.

Mwalimu akafungua. Skrubu nne. Akainamisha ile pawa saplai ili wote tuone. Shaba imejaa, inang'aa. Mabati ya kupoza moto, meupe. Hata pa kuingiza kidole hapakuwepo, sembuse jiwe.

"Sasa nisaidieni kufikiri," Twaibu akasema, polepole. "Hii haina jiwe na ni kilo moja na robo tatu. Ile ina jiwe na ni kilo moja na robo tatu. Kiwanda gani duniani kitahangaika kutafuta jiwe la uzito huo huo kamili? Mwizi wa kiwandani anaweka chochote, kipungue, kizidi, yeye anajali nini? Huyu alitaka ifanane. Huyu alijua imeandikwa ngapi."

Waliokuwa wakipiga kelele za kulipa wakaanza kutazamana.

"Na pamba," Twaibu akaendelea. Akachukua lile jiwe mezani, akanyofoa kidogo, akampa Mwenyekiti. "Ibonyeze."

Mwenyekiti akabonyeza. Akatoa mbegu. Moja. Ya pili.

"Pamba ya dukani haina mbegu, mama. Hii haijaenda kinuni. Mimi pamba mbegu naitoa wapi? Sina shamba, sina mizani ya pamba. Nauza redio."

Nilitazama lile jiwe likiwa mkononi mwa Mwenyekiti. Pamba imezungushwa mara mbili. Uzi juu. Fundo moja.

Nilielewa, wasomaji wangu. Pale pale nilielewa. Nikakataa kuelewa. Nilijiambia Bariadi ina wakulima wangapi, pamba iko kila uwanja, fundo ni fundo. Mtu anayezama hashiki maji kwa sababu yana nguvu. Anashika kwa sababu ndiyo yaliyopo.

"Kuna jingine," Twaibu akasema, na sauti ikashuka. "Siku chache baada ya kuiuza ile, kuna mtu aliniletea matumbo ya pawa saplai. Ya ndani tu, bila ganda, yamefungwa kwenye gazeti. Mapya kabisa. Alitaka niyanunue. Nikamwambia siuzi kitu kisicho na ganda lake. Akasema basi, atayapeleka Mwandoya, kuna mtu anafungua chumba cha gemu kule."

"Nani?" Mwenyekiti akauliza.

Twaibu akaanza kukunja ule mfuko wa rambo.

"Nakuuliza, nani?"

"Mama Mwenyekiti, mimi nina nyumba na nina mke. Nimejitetea inavyotosha. Kuvunja nyumba ya mtu mwingine sitaki."

"Utakuwa mwizi basi, kwa ajili ya nyumba ya mtu?"

"Wameshaniandika mlangoni. Mkaa unafutika kwa maji."

Na hapo, badala ya kunyamaza, nikasimama mimi. Sijui nani alinisimamisha.

"Mtaje!" nikapiga kelele. "Muongo huyo, hana mtu! Kama yupo mtaje hapa, watu wote wasikie!"

Twaibu aliinua uso akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Ningeweza kuivumilia hasira.

"Shemeji," akasema, "kaa chini. Nakuomba."

Kando yake Mwanamisi alijifunika mdomo kwa mtandio.

Maige akasafisha koo. "Mwenyekiti, naona tunapoteza muda. Huyu anatunga. Na kwa kweli mimi nina safari, basi la Mwandoya linaondoka saa kumi. Tungeahirisha tu."

"Dakika tano, ngosha," Mwenyekiti akamjibu, bila kumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. "Mama Milembe. Tangu siku uliyoitoa dukani mpaka siku mlipoifunga, ile pawa saplai ilikaa wapi?"

"Chini ya meza ya sebuleni. Kichwani pa godoro la mtoto."

"Aliigusa nani?"

"Hakuna aliyeigusa."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna mtu, Mwenyekiti. Labda panya. Alfajiri moja nilisikia kitu kinakwangua chuma. Baba Milembe aliamka kumfukuza."

Uwanja ukaangua kicheko. "Panya wa nyuma ya stendi siku hizi wana bisibisi!" akasema mzee mmoja, wakazidi kucheka, na mimi nikacheka nao kidogo, midomo tu, maana kichwani nilikuwa nasikia tena: krii, krii, ting.

Maige hakucheka. Mkono wake ule uliopima Simiyu nzima ulikuwa unafunga na kufungua kifungo cha shati.

Milembe alikuwa ameokota mbegu ya pamba iliyodondoka mezani, anaipitisha kidole hadi kidole. Aliposikia neno panya akainua kichwa. Akanitazama kama anavyonitazama nikikosea kuvalisha viatu vyake, kushoto kulia, na anaona anisaidie.

Akasema, kwa sauti ile ile ya kuniambia uji umepoa:

"Yule hakuwa panya, mama, alikuwa baba."